Sura ya Nne: Pikseli Thelathini Kushoto

Mapema mwaka 2003, waliokuwa wakitumia kivinjari cha Opera walianza kuona kitu cha ajabu kila walipofungua tovuti ya MSN, mali ya Microsoft. Maandishi yalikuwa yamesogea kushoto hadi herufi za mwanzo wa mistari zikamezwa na ukingo. Tovuti nyingine zilifunguka vizuri. Mtu wa kawaida angesema Opera ni mbovu, basi.

Mafundi wa Opera, kampuni yenye makao yake Oslo, Norwei, wakaamua kuchimba. Kivinjari chochote kinapoomba ukurasa hutuma pamoja na ombi hilo mstari mmoja wa kujitambulisha: mimi ni fulani, toleo namba fulani. Walikuta kwamba seva za MSN zinausoma mstari huo, na kila anayejitambulisha kwa jina la Opera anapewa faili la mtindo tofauti na lile wanalopewa wenye Internet Explorer. Ndani ya faili hilo mlikuwa na amri ya kusogeza maandishi pikseli 30 upande wa kushoto. Opera ilitii amri kama ilivyoandikwa, na kwa kutii ikaonekana haijui kazi. Wakafanya jaribio jingine. Katika ule mstari wa kujitambulisha wakafuta jina la Opera wakaandika Oprah, bila kugusa kitu kingine chochote. Ukurasa ukaja bila ile amri.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ya ukubwa wa kosa lenyewe. Pikseli 30 kwenye kompyuta za wakati ule ni kama sentimita moja. Ilitosha. Aliyekaa mbele ya kioo hakuwa na njia ya kujua kwamba kasoro imetoka upande wa pili. Alichokiona ni chombo chake kinashindwa huku cha jirani kinaweza. Na mtu akishaamini kwamba chombo chake ndicho kibovu, haulizi tena. Anakibadili, au anakata tamaa.

Imani hiyo imeota mizizi kwetu. Nenda steshenari yoyote ya Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza msimu wa maombi ya vyuo na mikopo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mojawapo nikisubiri kutolewa kopi za vyeti, akaingia mama mmoja na simu mkononi, bahasha ya kaki kwapani. Akamwambia kijana wa pale, "Mwanangu, nimehangaika nayo tangu jana usiku. Nimejaza kila kitu, nikibonyeza Endelea, haiendelei." Kijana akaitazama simu bila kuishika. "Mama, hiyo simu haiwezi. Hii mambo yake mpaka kompyuta." Mama akaitia simu kwenye mkoba akasema, kama anayezungumza peke yake, kwamba simu yake imekwisha, itabidi atafute nyingine. Kisha akavuta kiti, akalipa, kijana akaanza kumjazia fomu ya mtoto wake. Walipofika kwenye neno la siri, kijana akamuuliza, na mama akalitaja kwa sauti mbele yetu sote tuliokuwa kwenye foleni.

Simu ile haikuwa imekwisha. Muda mfupi kabla alikuwa amemtumia mtu ujumbe wa sauti kwa WhatsApp na kujibiwa. Baadaye niliifungua tovuti ile ya taasisi kwa kompyuta nikaangalia ilivyoundwa, maana wavuti bado inamruhusu yeyote kutazama msimbo wa ukurasa aliofunguliwa. Fomu si jambo jipya kwenye wavuti. HTML toleo la 2, lililochapishwa rasmi Novemba 1995, tayari lilikuwa na sehemu ya kujaza jina, ya kuchagua, ya kuweka alama ya vema, na kitufe cha kutuma. Kila kivinjari kilichotengenezwa tangu hapo kinazijua sehemu hizo, kiwe cha kompyuta au cha simu, na hata programu zinazowasomea kwa sauti watu wasioona zinazijua. Aliyejenga tovuti ile hakukitumia kitufe hicho. Alichora kisanduku cha bluu, akaandika ndani yake "Endelea", halafu akakitegemeza kwenye programu kubwa ya JavaScript ambayo lazima ipakuliwe yote na ikubalike yote kabla kisanduku hakijatambua kwamba kimeguswa. Programu hiyo iliandikwa kwa namna ambayo vivinjari vya karibuni tu ndivyo vinavyoielewa. Simu ya bei nafuu ikishajaa picha na video za kikundi cha familia, haina tena nafasi ya kupakua sasisho, na kivinjari chake hubaki cha miaka kadhaa nyuma. Kisanduku kinaonekana vizuri kabisa. Kinabonyezwa na hakuna kinachotokea, wala hakuna neno linalomwambia mtu kwa nini.

Fundi baiskeli na fundi bajaji huazimana spana namba 10 bila kuulizana nati imetoka kiwanda gani. Wavuti ilikusudiwa iwe hivyo tangu siku ya kwanza. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake Machi 1989 akiwa na shida mahususi mbele yake: wanasayansi walitoka nchi nyingi, kila mmoja na aina yake ya kompyuta, na nyaraka za mmoja hazikusomeka kwa mwenzake. Alichokitafuta ni mapatano, yaani namna moja ya kuandika ukurasa na namna moja ya kuuomba, ambayo mwenye kompyuta yoyote angeweza kuifuata. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitoa hati fupi iliyoachia haki zake juu ya programu za mwanzo za wavuti, ili mtu yeyote azitumie bila kulipa na bila kuomba ruhusa.

Tarehe hiyo haikuwa na umuhimu wa sherehe tu. Wakati ule kulikuwa na mfumo mwingine, Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliokuwa na watumiaji wengi kuliko wavuti. Mapema mwaka huohuo chuo kilitangaza kwamba baadhi ya wanaoendesha seva za Gopher watatozwa ada ya leseni. Ada yenyewe haikuwa ya kutisha, ila ilitosha kumtia mtu wasiwasi kwamba kesho itapanda, au mpango wote utabadilika. Watu wakahamia kule ambako hakuna wa kubadili mpango peke yake. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, ambao CERN iliurudisha kwenye anwani yake ya asili mwaka 2013, unafunguka leo kwenye simu ya Android ya bei ya chini kabisa, ingawa uliandikwa miaka mingi kabla simu za namna hiyo hazijawazwa.

Sisi wa huku wengi wetu tuliingia kwenye wavuti kwa msaada wa watu walewale wa Oslo. Opera Mini, iliyotolewa duniani kote Januari 2006, ilifanya kazi kwenye simu ndogo za vitufe zenye Java. Simu haikuufungua ukurasa yenyewe. Seva za Opera ndizo zilizoufungua, zikaukamua picha na mapambo, zikautuma mwepesi. Mwanafunzi mwenye bando la kubanabana aliweza kusoma gazeti, kuangalia matokeo ya mitihani, kufungua barua pepe. Hayo yote yaliwezekana pale tu ukurasa ulipoandikwa kwa kufuata viwango. Seva ilikuwa inaendesha JavaScript kwa sekunde chache na kuacha. Fomu yenye kitufe cha kweli ilipita, kisanduku cha kuchora kiliganda. Kwa hiyo waliojenga tovuti nadhifu huko Ulaya na Marekani bila hata kutufikiria walituhudumia. Hilo ndilo jambo linalonivutia zaidi katika viwango: anayevifuata anamhudumia mtu asiyemjua, mwenye chombo ambacho hajawahi kukiona.

Nchi ikiviacha, gharama yake haijulikani mapema. Korea Kusini inatupa mfano ulio wazi, na ni nchi ambayo hakuna anayeweza kuiita ya nyuma kiteknolojia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kuuza nje programu zenye usimbaji fiche wenye nguvu, na vivinjari vilivyofika nchi nyingine vilikuwa na kinga dhaifu. Wakorea walitaka benki na maduka ya mtandaoni, wakaona hawawezi kungoja. Mwaka 1998 wakaunda usimbaji wao wenyewe, SEED, wenye biti 128. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa kujitegemea, na mimi ningeupongeza. Lakini hakuna kivinjari kilichoijua SEED, hivyo ikabidi ichomekwe kwa programu ya ziada, na baada ya Netscape kufifia njia iliyobaki ni ActiveX, ambayo ilifanya kazi ndani ya Internet Explorer kwenye Windows tu.

Marekani ililegeza masharti yake mwaka 2000. Sababu ya mpango ule ikaondoka, lakini mpango ukabaki, umeshajengwa ndani ya kanuni za fedha, vyeti vya utambulisho na mikataba ya kampuni zilizokuwa zikiuza programu hizo. Kwa miaka mingi Mkorea mwenye kompyuta ya Apple au Linux hakuweza kufanya shughuli za kawaida za benki mtandaoni. Profesa wa sheria Kim Keechang wa Chuo Kikuu cha Korea alianzisha harakati iliyoitwa Open Web, akaenda hadi mahakamani, akashindwa. Na usalama, ambao ndio uliokuwa hoja ya mwanzo, uliumia: watu walizoea kubonyeza "Ndiyo" kila tovuti ilipotaka kusakinisha kitu, na wezi wa mtandaoni nao walihitaji hilo tu.

Kilichoitikisa serikali hatimaye ni koti. Mwaka 2014 tamthilia ya Kikorea ambayo shujaa wake alitoka nyota nyingine ilipendwa sana China, na mashabiki wakataka kununua mavazi ya mhusika mkuu wa kike, Cheon Song-yi. Maduka ya Korea yaliwadai cheti na ActiveX. Machi mwaka huo Rais Park Geun-hye aliuliza kikaoni, mbele ya kamera za televisheni, kwa nini wageni hawawezi kununua koti hilo. Baada ya hapo masharti yakaanza kulegezwa. Hadhi ya pekee ya vyeti vile vya zamani ilifutwa Desemba 2020, na Internet Explorer yenyewe ikastaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022. Zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya uamuzi uliokuwa na sababu nzuri kwa miaka isiyozidi miwili.

Afrika Kusini nayo ilionja. Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba Flash, programu yake ya kuchomekwa kwenye vivinjari, ingekoma mwisho wa 2020. Januari 2021 ilipofika, baadhi ya fomu za mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, SARS, zilikuwa bado za Flash, na mamlaka ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, cha Windows tu, ili walipa kodi waweze kuzijaza. Mamlaka ya kodi ikawa mtengenezaji wa vivinjari kwa sababu fomu zake ziliandikwa kwa lugha ya kampuni moja.

Sasa kuna hoja ambayo huniletea ubishi na rafiki zangu wapenzi wa programu huria, na ni watu ninaowaheshimu. Wao husema dawa ya haya yote ni msimbo kuwa wazi. Nakubaliana nao kwa mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa huru kuchukuliwa na kutafsiriwa bila kupiga magoti kwa mtu. Lakini msimbo ulio wazi unaeleza nani anaweza kuuona na kuuchukua. Hauelezi nani anaamua.

Tazama ule mstari wa kujitambulisha, ambao bado upo. Ule unaotumwa leo na Chrome ya Android una majina ya Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko, Chrome na Safari, yote kwa mpigo. Umekuwa hivyo kwa sababu kila kivinjari kipya kilikuta tovuti zinazobagua kwa majina, kikajibandika jina la kilichotangulia ili kisinyimwe ukurasa. Katikati ya majina hayo, KHTML, injini ya kuchora kurasa, ni kazi ya jumuiya ya KDE, ambao wengi wao walijitolea, waliotaka kivinjari kizuri kwa ajili ya Linux. Mwaka 2003 Apple ilitangaza Safari iliyojengwa juu ya KHTML. Leseni iliwataka wachapishe mabadiliko yao, na kwa njia hiyo ikapatikana WebKit. Google ikaitumia kwa Chrome mwaka 2008, kisha ikatenga tawi lake, Blink, mwaka 2013. Mwaka huohuo Opera, wale waliotetea haki yao ya kuandika injini yao wenyewe, waliiacha wakahamia kwenye ya Google. Microsoft ikafuata, na Edge mpya ya Januari 2020 ina injini hiyohiyo. Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet kwenye simu ya Android ni majina manne juu ya injini moja.

Kazi ya watu wa kujitolea imefika kwenye mifuko ya mabilioni, na hilo ni jambo la kujivunia. Msimbo wake uko wazi hadi leo. Hata hivyo maamuzi makubwa kuhusu Chromium, mradi wenye injini hiyo, yanafanywa na Google, kwa sababu wao ndio wanaolipa wahandisi wengi na ndio wenye watumiaji wengi. Kuanzia 2024 Chrome ilianza kufunga aina ya zamani ya viendelezi ambayo uBlock Origin, kizuia matangazo mashuhuri, iliitegemea. Wengi walipinga. Msimbo ulikuwa wazi mbele yao, na uamuzi ukapita.

Kwa mtu anayenunua bando la siku, hili si la wanaharakati. Ukurasa wa habari wenye aya sita unaweza kubeba matangazo na programu za kumfuatilia msomaji zenye uzito kuliko habari yenyewe, na uzito huo anaulipa msomaji. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Firefox ya Android inavipokea, uBlock Origin ikiwemo, na matangazo huzuiwa kabla hayajapakuliwa. Nimewashauri watu wengi wafanye hivyo na wakaona bando linakwenda mbali zaidi. Kisha wanarudi kwangu na lalamiko lilelile: tovuti fulani inawaambia kivinjari chao hakifai, watumie Chrome. Mwaka 2003 walisogezewa maandishi. Leo wanaambiwa waziwazi.

"Si utumie Chrome tu? Ni bure, imo kwenye simu tayari." Nasikia swali hili kila mara, na ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba ndivyo ilivyosemwa kuhusu Internet Explorer. Ilikuwa bure, ilikuwa kwenye kompyuta tayari, na iliposhinda ikafika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001 na la 7 likaja Oktoba 2006. Katika miaka hiyo mitano aliyeshinda hakuwa na sababu ya kuharakisha, na kila kasoro ya toleo la 6 ikawa sheria, kwa sababu wajenzi wa tovuti waliandika kwa kufuata kasoro zake badala ya kufuata viwango. Nisieleweke vibaya: Chrome ni kivinjari kizuri. Tatizo ni tovuti iliyojaribiwa kwa Chrome peke yake.

Wala si kweli kwamba mambo haya huamuliwa na wakubwa na sisi tunapokea. Mwezi Agosti 2001 W3C, muungano ulioanzishwa na Berners-Lee mwaka 1994 kusimamia viwango vya wavuti, ulitoa rasimu ambayo ingeruhusu kampuni kudai malipo ya hataza ndani ya viwango. Maana yake ni kwamba kijana anayeandika kivinjari chumbani kwake angeweza kudaiwa ada kwa kuufuata mkataba wa wote. Miongoni mwa wanachama wa muungano kulikuwa na kampuni kubwa, na rasimu ilikuwa karibu kupita kimyakimya. Wakaamka watengenezaji wa programu huria na wajenzi wa kawaida wa tovuti, wakaandika barua pepe kwa wingi, nyingi fupi, nyingine zenye hasira, nyingi za watu ambao hawakuwa na cheo chochote. Muungano ukasimamisha mpango, ukaita wawakilishi wao mezani, na Februari 2004 ukapitisha sera inayotaka viwango vyake vitekelezwe bila malipo ya hataza. Desemba mwaka huohuo, mwezi mmoja baada ya Firefox 1.0 kutoka, lilitokea tangazo la kurasa mbili katika New York Times lililolipiwa kwa michango ya mashabiki, na majina ya wachangiaji wapatao 10,000 yakachapishwa humo kwa herufi ndogo sana.

Mfano bora wa huduma ya umma ninaoujua unatoka Uingereza. GOV.UK, tovuti ya serikali iliyozinduliwa 2012, ina kanuni kwamba huduma ianze na HTML tupu inayofanya kazi, kisha mapambo yaongezwe juu yake. Mwaka 2013 walipima ni watu wangapi wanaofungua kurasa zao bila JavaScript kuwafikia, wakapata asilimia 1.1. Kilichowashangaza ni kwamba walioizima kwa hiari walikuwa asilimia 0.2 tu. Waliobaki vivinjari vyao vilikuwa vya kawaida, ila programu haikufika au haikuendeshwa: mtandao ulikatika, au kizuizi cha ofisini kiliifuta, au simu ilizidiwa. Hao wapo kwenye mtandao wa Uingereza, ulio bora kuliko wetu mara nyingi.

Terence Eden, aliyefanya kazi katika huduma hizo za kidijitali, amesimulia siku aliyokaa katika ofisi ya misaada ya makazi jijini London. Pale alikuwapo msichana aliyekuwa na shida ya mahali pa kulala, na mkononi alikuwa na PSP, mashine ndogo ya michezo ya Sony yenye kivinjari duni mno. Alikuwa anasoma kurasa za GOV.UK kuhusu msaada wa makazi, na zilimfungukia. Hakuna mhandisi aliyekaa akaandika mpango wa kuhudumia PSP. Waliandika HTML ya kawaida, basi, na ikamfikia siku aliyoihitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Huku kwetu huduma nyingi zimehamia mtandaoni kwa kasi, na nyingi zimerahisisha maisha kweli. Anayekumbuka foleni za karatasi hawezi kulikana hilo. Fomu za kodi za Kenya kwenye iTax hupatikana kwa faili la Excel na pia kwa ODS, muundo ambao ni kiwango cha kimataifa tangu 2006 na unaofunguka kwa programu huria. Kwa hiyo inawezekana. Tanzania tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Mahali pa kuanzia si pagumu: ni waraka wa zabuni. Ndani yake iandikwe kwamba malipo ya mwisho kwa mkandarasi hayatatolewa mpaka kila fomu ijazwe tangu mwanzo hadi mwisho kwa simu ya bei ya chini inayouzwa madukani, kwa Chrome, kwa Firefox na kwa Opera Mini, kwenye mtandao wa 3G, na mtu ambaye hakushiriki kuijenga. Na jaribio lifanyike mbele ya ofisa wa taasisi, si kwa picha zilizotumwa kwa barua pepe.

Mkandarasi atasema masharti hayo yataongeza gharama. Mwombe akuoneshe hesabu. Kitufe kilichomo ndani ya HTML tangu 1995 hakihitaji kutengenezwa wala kutunzwa. Kinachokula siku za kazi ni kukichora upya kisanduku cha bluu, kukiandikia programu yake, na kuirekebisha kila vivinjari vinapobadilika.